Mlango wa Posa na Kanzu ya Jirani

Nilidhani kupuliza rangi ni kazi ya kuukwepa upepo tu, na ujinga huo umenifanya kichekesho cha Takaungu nzima.

Ijumaa iliyopita, wageni walikuwa waje alasiri kumposa binti yangu Zuhura. Mlango wetu wa mbele ulikuwa umechakaa, nami, mtu wa kushinda barazani, nikataka kuonekana mwanamume wa kazi. Nikanunua bomba la umeme la kupulizia rangi, la bei ya kutupa.

"Muite fundi," mke wangu akanisihi.

"Fundi si huyu hapa?"

Niliung'oa mlango, nikausimamisha uani. Bomba likakohoa tu. Nikaizimua rangi kwa thina hata ikawa kama maji, na hapo likatoa ukungu wa kijani. Nisije nikajichafua, nikasimama mbali na mlango, nikaupa upepo mgongo. Akili nyingi, eti! Nilipuliza hadi kopo likaisha, na mlango ukabaki umepauka vilevile. Nikasimama nikijiuliza rangi imekwenda wapi.

Mara nikasikia hodi. Alikuwa jirani yetu Mzee Athmani, ambaye ndiye angetusemea mbele ya wageni. Kanzu yake nyeupe ya shughuli hiyo alikuwa ameianika kwake, upande wa pili wa ua. Sasa alikuwa ameishika kwa ncha za vidole, kijani tupu kifuani.

"Baba Zuhura," akasema, "pale mlangoni itundike hii, maana iliyopakwa rangi ni kanzu yangu, si mlango wako."