Herufi Tatu za Kaka Yake

Mimi ni fundi wa televisheni, na nimezeeka nazo. Tangu watu waanze kununua hizi bapa za kutundika ukutani kazi yangu imepungua, nami nimekuwa mtu wa kununa. Kwa hiyo siku mwanamke mmoja aliponiletea karakanani kwangu Buswelu mashine ya gemu ya kutia sarafu, kubwa kama kabati la nguo, imevushwa na kivuko kutoka Kamanga, nilifurahi kuliko nilivyoonyesha.

Ilikuwa mali ya kaka yake, marehemu. Aliiweka dukani kwao walipokuwa vijana, na vijana wa mtaa mzima wakaichezea hadi vitufe vikasagika.

"Haiwaki vizuri, fundi," akasema. "Lakini ndani kuna orodha ya waliopata pointi nyingi, kila mmoja kwa herufi tatu za jina lake, na za kaka zimo." Akanitajia herufi zenyewe. "Nataka kuziona tu, basi."

"Utaziona, dada," nikasema. Mdomo wangu huo!

Nilipoiwasha iliguna, ikatoa mstari mmoja mweupe katikati ya kioo, ikazima, ikajiwasha tena. Nilianza na umeme. Mahali pa fyuzi nilikuta waya wa shaba uliosokotwa, kazi ya fundi mwenzangu fulani ambaye simjui na hadi leo namlaani. Kwenye pawasaplai, kile kisanduku cha kugawa umeme, kapasita mbili zilikuwa zimevimba. Mita ilisoma volti nne na kidogo mahali panapotakiwa tano, ndiyo maana mashine ilikuwa inazimia na kuzinduka. Nikazibadilisha. Kisha nikaenda kwenye kioo, maana mstari mmoja vile ni dalili kwamba picha haitanuki juu na chini. Viungo vya risasi ya kuchomelea nyuma yake vilikuwa vimepasuka, nikavichomea upya kimoja kimoja.

Ikabaki bodi, ubongo wa mashine. Ilijaa mizoga ya wadudu wa ziwani, na betri yake ndogo ilikuwa imevuja uchafu wa kijani. Sisi wa huku Ilemela wengi tuna jiwe kubwa uani, na jiwe hilo halina kazi moja: hapo huanikwa dagaa, hapo mashuka, hapo mihogo. Bodi chafu nazo huziosha kwa brashi na spiriti, kisha huzianika hapohapo. Nikang'oa betri, nikaosha, nikaanika, nikaenda kunywa chai. Mkono ulikwenda wenyewe, kama ulivyokwenda miaka yote. Kikombe kikiwa mdomoni nikakumbuka kwamba betri ile ndiyo iliyokuwa inaitunza orodha.

Nilirudisha kila kitu, na betri mpya. Picha ikaja imejaa kioo chote, rangi safi kabisa. Orodha ikaja na majina ya kiwandani. Niliona aibu, na baada ya aibu nikaogopa. Nikamwona kichwani yule dada akisimama mbele ya majina ya watu wasiokuwepo.

Basi nikafanya utoto. Nilifunga mlango wa karakana mchana kweupe, nikakaa kucheza gemu, mtu mzima na mvi zangu. Nilikufa mara nyingi mno. Alasiri ya siku ya pili nikafika namba moja, nikaandika herufi tatu za marehemu juu kabisa, nikajiona nimemaliza.

Alikuja kesho yake asubuhi.

"Pole na kazi, fundi."

"Nimeshapoa, dada. Karibu."

Alisimama mbele ya orodha, kiganja juu ya kioo. Nilikuwa nimeazimia kunyamaza, nikashindwa.

"Dada, nisamehe. Za kaka yako nilizifuta mimi kwa mkono wangu. Hizi nimeziandika mimi."

"Najua," akasema bila kugeuka. "Kaka alikuwa wa pili."

"Wa kwanza alikuwa nani?"

"Mimi. Miaka yote alihangaika kunipita, akashindwa."

Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Nikamsogezea stuli. Akaketi, akaniomba sarafu, akapangusa macho kwa kanga ili aone vizuri. Mwanzo alikoseakosea, kisha vidole vikakumbuka.

Kufikia adhuhuri herufi zake zilikuwa juu, na kaka yake amerudi chini yake, mahali pake.