Karatasi Nyeupe ya Mama Mdogo

Mama Mdogo akitoa waya wa shaba kwenye mota iliyoungua, huunusa kwanza, kisha huupeleka mlangoni penye mwanga. Nilidhani kule kunusa ni mbwembwe tu mpaka nilipomuuliza, maana nyumbani wananiita Bi Maswali na wala sikatai. Akanipa vipande viwili ninuse mwenyewe. Kimoja kilinuka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Kingine hakikunuka kitu.

"Hicho cha kwanza kimeungua ghafla," alisema. "Cha pili kimeteseka polepole. Sasa tazama rangi zake."

Nilitazama nikaona nyeusi na nyeusi. Yeye aliona habari nzima.

Kazi yake ni kusuka mota upya: za pampu, za feni, za mashine za kusaga. Karakana ni chumba kimoja chenye meza ndefu, dirisha kubwa kushoto, na kalenda ya miaka mitatu iliyopita ambayo haing'oi kwa sababu inaficha ufa. Wateja humdanganya kila siku.

"Fundi, hii pampu imezima yenyewe. Mimi nilikuwa nimekaa zangu."

Mama Mdogo anaifungua, anachungulia. "Ilikuwa inavuta maji au hewa?"

"Maji, fundi!"

"Rangi hii ni ya hewa, kaka. Mliiacha inazunguka kwenye kisima kikavu, tena si kwa dakika tano."

Mteja anajikuna kisogo. "Basi labda watoto..."

"Wasalimie hao watoto."

Jicho hilo ndilo lililompeleka kwenye sarafu. Babu yangu, yaani baba yake, alimwachia sarafu moja kubwa ya shaba yenye tundu katikati, ya rangi ya kahawia kama kiatu kilichopigwa dawa kwa miaka mingi. Hiyo moja ikamtia hamu ya nyingine, akajiunga na kundi la mtandaoni la wapenda sarafu, ambako watu hupigana bei kwa kutazama picha tu. Na picha ndiyo penye mtego. Sarafu kuukuu ikisuguliwa, wakusanyaji hawaitaki tena, kwa hiyo wapo wanaoipasha moto au kuipaka dawa ili ionekane haijawahi kuguswa. Kundini wanaiita "iliyopikwa". Mama Mdogo alizikamata nyingi hadi msimamizi akampa kazi ya kupima sarafu zote za shaba kabla ya mnada. Wenzake wakambatiza jina la Jicho.

"Unajuaje, Mama Mdogo?"

"Uzee unaingia taratibu, mwanangu. Unajificha pembeni ya herufi, kule ambako vidole havifiki. Anayepika anapaka kote sawasawa kama anayepaka siagi kwenye mkate. Na ukiona mkwaruzo mpya una rangi ya zamani, ujue hapo kuna mtu."

Mwisho kabisa huiweka sarafu ya Babu kiganjani, huisogeza karibu na kioo cha simu na kulinganisha. Hapo ndipo hutoa hukumu.

Sasa nije kwenye kosa langu. Jumanne moja nilimkuta anafikicha macho, yamemwiva mekundu. Nikachukua simu yake, nikaingia kwenye mipangilio, nikawasha ile hali ya kupumzisha macho. Akanishukuru. Siku hiyo alilalamika kidogo kwamba kioo kimekuwa kama kimemwagiwa chai. Kesho yake hakulalamika tena. Macho yalishazoea.

Alhamisi ikaletwa kundini picha ya sarafu ya shaba yenye tundu, pacha kabisa wa ile ya Babu. Alipozilinganisha, ya Babu ilikuwa kahawia iliyotulia, ya kwenye simu ikawa na wekundu wa chungwa bivu. Aligeuza simu huku na huku. Halafu akaandika neno moja: "Imepikwa."

Kwa sheria ya kundi, muuzaji aliyeandikiwa hivyo ana mpaka Jumamosi saa kumi jioni kujitetea. Akishindwa anatolewa, na jina lake linaingia kwenye orodha ya matapeli ambayo kila mwanachama anaisoma.

Ijumaa ukaja ujumbe wa sauti, wa mwanamke mtu mzima anayeongea huku akihema.

"Mwanangu Jicho, mimi ni mkunga mstaafu, mambo ya sarafu siyajui. Akaunti hii ni ya marehemu mume wangu, na jina mnalotaka kuliandika ni lake. Alikuwa karani wa stoo miaka thelathini, hakupotewa hata na msumari. Hiyo sarafu hajaipaka hata mate. Niambie nifanye nini, mama, jina lake lisikae huko."

Mama Mdogo aliusikiliza mara mbili, kisha akajibu kwa sauti: "Shikamoo mama. Ipige picha mchana, karibu na dirisha, juu ya karatasi nyeupe. Taa usiwashe."

Picha iliingia Jumamosi saa tisa na nusu. Nilikuwa karakana siku hiyo, natumia meza yake kwa hesabu za shule. Nikamsikia anaguna.

"Makubwa! Huyu bibi mpaka karatasi kaipika!"

Alicheka, lakini cheko lilikatika katikati. Akaisogeza simu karibu na uso.

"Hebu nitumie na mimi niione," nilisema. Umbea tu, sikuwa na wazo lolote.

Akanitumia. Nikaifungua, nikaweka simu yangu mezani kando ya yake. Picha ni ileile. Kwenye simu yangu karatasi ilikuwa nyeupe kama daftari langu, na sarafu ilikuwa kahawia, imetulia, giza likiwa limejikusanya pembeni ya herufi. Kwenye simu yake karatasi ilikuwa ya njano. Mama Mdogo alichukua sarafu ya Babu, akaiweka kando ya simu yangu. Ukiambiwa zimezaliwa siku moja, ungekubali.

"Mama Mdogo... ni mimi. Ile Jumanne. Ile hali ya macho."

Alitazama saa ya ukutani. Dakika ishirini na mbili zilibaki.

"Izime," alisema.

Nikaizima. Kioo kikawa na weupe wa kuumiza. Akakaa kwenye stuli, akaanza kuandika kwa kidole kimoja, kama kawaida yake, na kila herufi ilinichoma. Aliandika kwamba sarafu ya karani ni safi, haijaguswa, na kwamba kioo chake kilikuwa kimebadilishwa rangi naye hakukikagua. "Kosa ni langu. Naomba radhi mbele ya wote kwa mama na kwa marehemu."

Majibu hayakuchelewa.

"Leo Jicho limeingia mchanga!"

"Jicho, kanunue miwani, tutakuchangia!"

"Na zile nyingine za wiki hii?" aliuliza msimamizi, na huyo hakuwa anatania.

"Nazirudia zote sasa hivi," alijibu Mama Mdogo.

Zilikuwa tano, na tatu hazikuwa na neno. Moja nyingine alikuwa ameionea, akaisafisha jina na kumwomba radhi mwenyewe. Moja ilikuwa imepikwa kwelikweli, na hiyo hakuionea huruma. Saa kumi ilipogonga, jina la karani halikuwa kwenye orodha. Lakini msimamizi aliandika kwamba Jicho apumzike kupima kwa mwezi mmoja. Akajibu, "Sawa, ni haki."

Ndipo nikamuuliza. "Mbona hukuwaambia kwamba ni mimi?"

"Wewe ulinionea huruma macho yangu. Aliyeandika imepikwa ni nani?"

"Wewe."

"Basi. Maliza hesabu zako."

Nilijaribu, lakini namba zilikuwa zinaogelea kwenye machozi. Sijui kama aliona. Alinisogezea kitambaa cha kufutia grisi, kichafu ajabu, nami nikakitumia hivyohivyo.

Jioni ile mkunga alituma sauti nyingine.

"Mwanangu, nimekaa na watu waliokosea wakanitupia mimi lawama, nawajua; wewe ya kwako umeibeba mwenyewe. Asante. Nimeiondoa sarafu mnadani. Wengine wakitaka kuipima nitakataa. Nitasubiri mwezi wako uishe, uipime wewe."

Mama Mdogo aliiweka simu mezani taratibu, akaenda kwenye ile kalenda ya zamani, akajifanya anatafuta tarehe.

Mwezi ulipokwisha, picha ilirudi. Alitandika karatasi nyeupe mezani, akaweka sarafu ya Babu juu yake, akawasha simu yake. Kisha akanyoosha mkono bila kunitazama.

"Bi Maswali, lete na yako."

Tukazipanga simu mbili na sarafu. Tulitazama pembeni ya herufi, tukatazama mikwaruzo, tukatazama karatasi. Akaandika "Safi", akanisogezea simu.

"Tuma wewe," alisema.