Swali Ambalo Hatukumwuliza Mkewe Barasa

Siku yangu ya kwanza ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, Sista Msimamizi alinikuta nimeikodolea macho mashine ya kupumulia. Akaniambia, "Hiyo haitatoroka. Mwangalie mgonjwa." Nilikuwa muuguzi mwenye kiburi kidogo, niliyeamini kazi yetu ni kumzuia mtu asife, basi.

Miaka ikapita, zikaja vurugu za baada ya uchaguzi, Eldoret ikafuka moshi. Barasa, seremala wa mtaa wa Huruma, aliletwa akiwa amepigwa kichwani. Tulimtia mpira kooni, mashine ikawa inampumulia. Siku ya nne Daktari Mkuu alimpima mara ya pili, akatikisa kichwa: ubongo ulikuwa umeharibika, hangeamka tena. Likabaki swali moja. Mashine iendelee au iondolewe, na nani aseme?

Tulikuwa na madaktari wawili wageni. Yule Mwingereza alisema kwao daktari ndiye huamua, akishawasikiliza jamaa. Mmarekani akasema kwao mtu anaweza kuandika mapema nani atamsemea. Daktari Mkuu alicheka kwa uchovu. "Hapa kwetu tunangoja mkubwa wa familia."

Mkubwa huyo, kaka yake Barasa, alikuwa Timboroa, na barabara zilikuwa zimefungwa. Mkewe Barasa, Nekesa, alikuwa papo hapo kando ya kitanda. Kila tulipomwuliza tufanye nini, alijibu, "Sista, mimi siwezi kusema. Ngojeni mzee." Nikamwona mwoga, Mungu anisamehe.

Mzee alifika siku ya saba, viatu vimepasuka, amekatiza mashambani kwa miguu ili akwepe vizuizi. Daktari Mkuu alimweleza yote, kisha sote tukasubiri atoe amri. Hakutoa. Alimgeukia Nekesa, shemeji yake.

"Mama Wafula, wewe ndiyo umeishi na yeye. Alikuwa anasema nini?"

Nekesa hakusita. "Wakati mama yenu alikuwa amelazwa, alisema, 'Mimi nikifika hapo, msinishikilie. Mniombee, mniachilie.'"

"Basi amesema mwenyewe," mzee akajibu.

Siku saba nilimletea yule mama chai, nikamfuta machozi, na sikuwahi kumwuliza hilo. Sote tulimtaka aamue, kumbe alikuwa amebeba jibu la mumewe.

Tulitoa mpira asubuhi, dirisha likiwa wazi, Nekesa amemshika mkono akiomba. Barasa alipumua mwenyewe kidogo, kisha akatulia. Nimeona vifo vingi, lakini hicho kiliniacha nimeduwaa hadi leo.

Nilistaafu nikiwa Sista Msimamizi, na kila muuguzi mpya nilimfundisha swali la mzee kabla ya kumfundisha mashine. Sasa nalima viazi Ainabkoi. Watoto wakija Krismasi, nawaambia nitendewe nini nikifika alipofika Barasa, kisha nawauliza tukinywa chai, "Mama alisema nini?" Mwanzoni walilalamika kwamba naleta mkosi. Mwaka jana kitindamimba wangu, ambaye hutoka nje kila nikianza hayo, alibaki kitini. Akayarudia maneno yangu yote bila kuacha hata moja, halafu akaniongezea chai.