Mwaka Ekipe Yetu Ilipoanza Kushinda

Nimeshabikia ekipe ya mpira ya Ngungu tangu nikiwa msichana wa kuuza mandazi kando ya kiwanja, na kwa muda huo wote sikumbuki msimu tuliomaliza bila aibu. Kiwanja chetu kilikuwa juu ya kilima na upande mmoja kiliinama. Mpira ukipigwa vibaya uliteremka mpaka kwenye maharage ya watu, na mwenye shamba alitoka na fimbo. Ekipe za vijiji vingine zilikuja, zikacheza kipindi kimoja kwa kupanda na kingine kwa kushuka, zikatufunga katika vyote viwili. Mara moja tulifungwa na watu ambao gari lao lilikwama kwenye matope njiani. Walifika kwa miguu, wamechoka, wengine bila viatu, na bado walitufunga.

Marehemu mume wangu alikuwa akiniuliza kwa nini naenda. Kaka yangu mkubwa, fundi cherehani, ndiye aliyekuwa kocha. Nilijifunza tu kujilinda. Mi-tan, mapumziko ya katikati ya mechi, ikifika nilibeba beseni langu na kwenda nyumbani, ili habari mbaya inikute nina kazi mikononi.

Halafu vita vikafika Ngungu, tukakimbia. Kaka alibeba kichwa cha cherehani mgongoni, amekifunga kwa kitenge kama watu wanavyobeba mtoto. Mimi nilibeba sufuria na mbegu za maharage. Tulipanda na kushuka milima ya Masisi mpaka milima yenyewe ikaisha na msitu ukaanza, tukatua Kibua, katika Walikale. Huko hatukuwa na ndugu hata mmoja. Papa mmoja, kama huku tunavyomwita baba wa watu, mwindaji na mkulima, alitukuta tumekaa mbele ya kanisa, akamwangalia kaka na mzigo wake, akauliza, "Hiyo mashini inashona kweli?" Kaka akasema inashona akipata meza ya kuiweka. Jioni ile tulilala katika nyumba yake ya nyuma. Mke wake alitupa kipande cha shamba la mihogo, akatuonyesha chemchemi, na akaniita dada kabla sijamwambia jina langu.

Vijana wa Ngungu walifika mmoja mmoja. Si wote. Mshambuliaji wetu wa zamani alikimbilia upande wa Mubambiro, na hatukumsikia tena. Lakini waliofika hawakuwa na mashamba wala ng'ombe wa kuchunga, na kila asubuhi kaka aliwakuta wamekaa kwenye ukuta wa shule wakiangalia barabara. Akawaambia, "Kuliko kukaa hivi, mukimbie." Wakaanza kukimbia. Kiwanja cha Kibua kiko sawasawa kama meza. Nadhani hiyo ndiyo ilikuwa siri yote. Watu waliokua wakifukuza mpira kwenye mteremko walikutana na mahali ambapo mpira unabaki pale ulipouweka, wakawa kama waliopunguziwa mzigo.

Wazee wa makanisa walipopanga mashindano ya vijiji vya barabara ile, waliruhusu ekipe ya deplase, sisi tuliokimbia vita, iingie. Kaka alikata namba kutoka kwenye bashi, turubai la zamani, na kuzishona kwenye migongo ya fulana.

Mechi ya kwanza niliondoka mi-tan, kama kawaida. Nilikuwa namenya mihogo niliposikia watu wanarudi wakicheka. Mke wa mwenyeji wetu aliingia akasema, "Dada, batoto yenu wameshinda." Nikamwuliza nani amewadanganya. Mechi ya pili nilibaki mpaka mwisho, nimesimama nyuma ya watu, na tulipofunga bao nilimtazama arbitri, mwamuzi wa mechi. Nilingoja alikatae. Hakulikataa.

Mwanzoni Kibua nzima ilikuwa upande wetu. Walituita wageni wao, wakatupigia makofi, na mwenyeji wetu alimtania kaka kwamba Ngungu wamekuja kujifunza mpira msituni. Nilitembea sokoni na shingo imenyooka. Nilianza kuota ndoto za mpira, mimi mwanamke wa umri wangu.

Kisha tukawatoa vijana wa kijiji cha jirani katika nusu fainali, na ikabaki fainali moja: sisi na Kibua.

Hapo mambo yalibadilika, polepole, bila mtu kusema neno baya. Kwenye chemchemi wanawake walikuwa wakinipisha kwa kuwa mimi ni mgeni. Sasa walijaza madumu yao yote na mimi nikangoja. Salamu zikawa fupi. Ikasemwa kwamba golikipa wetu amefukia dawa chini ya goli, na asubuhi moja vijana wa Kibua walikwenda na majembe, wakachimba mahali pote kati ya miti miwili. Walipata mzizi. Wakaubeba kwenda kuuonyesha wazee, na mpaka mzee mmoja aseme huo ni mzizi wa mti tu, nusu ya kijiji ilikuwa imekwisha kuamini.

Nahodha wa Kibua alikuwa mtoto wa dada wa mwenyeji wetu, kijana aliyemlea mwenyewe na kumfundisha mitego. Utani wake na kaka ulikoma. Tulisikia kwamba watu wamemwendea wakimwomba afanye yale yaliyofanywa na baba zake kabla ya kuwinda, ili Kibua isiaibishwe nyumbani kwake. Hatukujua alijibu nini. Usiku nilisikia sauti yake na ya mke wake nyuma ya ukuta, chini chini, na kila mara waliponyamaza nilidhani wanatuzungumzia sisi.

Siku chache kabla ya mechi, watu wazima wa Ngungu walikutana katika nyumba yetu. Mzee mmoja aliyekuwa shemasi kwetu ndiye aliyesema kile wote walichokuwa nacho moyoni.

"Tufungwe," alisema. "Ni muchezo tu. Sisi tunakula kwa mashamba yao, tunalala kwa nyumba zao. Tukibashinda mbele ya batoto yao, kesho tutaenda wapi?"

Kaka aliangalia vidole vyake, vidole vya fundi vyenye alama za sindano. Mwishowe alisema, "Hawa vijana hawajawahi kushinda kitu. Wamepoteza mpaka nyumba. Unataka mimi njo niwaambie wapoteze na hii?"

"Ndiyo. Wewe njo kocha."

Wakanigeukia mimi, kwa sababu walijua hakuna mtu aliyeteseka na ekipe ile kuliko mimi. Nilitaka kombe lile kuliko nilivyotaka chumvi. Na nilimwona pia mama wa watu, mjamzito, aliyekaa karibu na mlango, ambaye hakuwa na pa kwenda kama wangetufukuza. Nikasema wanipe mpaka kesho.

Asubuhi nilimfuata mwenyeji wetu. Alikuwa nyuma ya nyumba akisokota kamba ya mtego. Nilipiga goti kidogo kumsalimu, nikabaki nimesimama.

"Papa, minataka kukuuliza kitu, usikasirike."

"Uliza."

"Siku ya mechi, tukishinda, tutaendelea kulala hapa?"

Mikono yake iliacha kusokota. Nilisikia mke wake amesimamisha mchi ndani ya kinu.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna. Ni mimi mwenyewe. Lakini wakubwa wetu wanasema afazali tufungwe."

"Mutuachilie?"

"Ndiyo, Papa."

Akaweka kamba chini. "Mama, mimi niko muwindaji. Nyama ikichoka kweli, minajua. Nyama ikijifanya imechoka, vilevile minajua. Vijana yenu wakituachilia, nitaona kabla ya mi-tan. Na mutoto wa dada yangu ataona. Atatembea na hiyo kombe kama muntu aliyepewa sadaka na badeplase." Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililoniogopesha. "Siku hiyo njo mutatoka kwangu. Si siku ingine."

Nilirudi nikamwambia kaka. Alikaa juu ya kitanda, akacheka kidogo bila furaha. "Basi tumebanwa pande zote," alisema. Shemasi alipopata habari alitikisa kichwa. Kwake maneno yale yalikuwa kiburi cha mwanamume, na kiburi hubadilika filimbi ya mwisho ikilia. Hakuna aliyejua nani ana haki. Kaka aliwaambia vijana wacheze, wasimpige mtu, wasimcheke mtu, na wakifunga bao wasicheze ngoma.

Siku ya fainali kulinyesha asubuhi, kisha jua likatoka kali. Watu walikuja kutoka barabara yote. Vijana wenye silaha nao walikuja, wale wa kizuizi cha mwisho wa kijiji, wakakaa kwenye nyasi nyuma ya goli moja, bunduki juu ya magoti. Hakuna aliyewaalika na hakuna aliyewaambia waondoke. Sisi wa Ngungu tulisimama pamoja upande wa shule, karibu na njia ya kutokea. Nilimwona yule mama mjamzito amefunga vitu vyake kwenye kitenge na kuvibeba kabisa, kama mtu anayesafiri.

Kibua walicheza vizuri kuliko siku zote. Nahodha wao alipita katikati yetu kama njia ni yake, na mara mbili golikipa wetu aliokoa kwa miguu kwa kuwa mikono ilichelewa. Kila mpira ulipopita karibu na mtu wao nilitafuta uso wa mwenyeji wetu upande wa pili. Alisimama mbele kabisa, mikono nyuma. Alikuwa anaangalia wachezaji wetu, si wa kwao.

Mi-tan ikafika, bila bao. Miguu yangu ilianza kwenda yenyewe. Nilikuwa nimepita pembe ya shule niliposimama. Nyumbani kwenyewe kulikuwa kwa mwenyeji wetu. Hakukuwa na mahali ambapo habari ingenikuta nikiwa salama, basi nikarudi.

Bao lilikuja karibu na mwisho, na lilikuwa baya. Kona ilipigwa, watu wakarukiana, mpira ukamgonga beki wetu kwenye goti. Sidhani hata aliuona. Ukatambaa polepole kwenye matope, golikipa wa Kibua akiwa amelala upande mwingine, ukavuka mstari na kusimama hapo hapo.

Hakuna aliyepiga kelele. Wao walinyamaza kwa uchungu, na sisi kwa sababu hatukujua kufanya nini. Hatukuwa na mazoea. Mmoja wa wale vijana nyuma ya goli alisimama, bunduki ikining'inia begani, na watu walio karibu naye wakaanza kusogea. Arbitri aliangalia bunduki, akaangalia mpira. Kisha akanyoosha mkono kuelekea katikati ya kiwanja. Bao. Yule kijana akabaki amesimama kidogo, akatema mate, akakaa.

Dakika zilizobaki niliomba tufike mwisho, na sikumwambia Mungu niko upande gani.

Filimbi ilipolia, bonge la tope lilitoka upande wa Kibua likampiga kaka kifuani. La pili likampita. Watu wetu wakaanza kurudi nyuma kuelekea njia. Ndipo nilipomwona mwenyeji wetu anaingia kiwanjani peke yake, anatembea bila haraka. Alifika kwa nahodha, aliyekuwa amekaa chini na fulana juu ya uso, akamwinua kwa mkono. Wakaja wote wawili mpaka kwa kaka. Kijana alikuwa analia. Alimpa kaka mkono, na kaka, kifua chake kimejaa tope, akaupokea kwa mikono miwili. Na mahali lilipotoka lile tope, mikono ilishuka.

Zawadi ilikuwa kombe, mpira mpya na mbuzi. Kaka aliomba mbuzi apikwe Kibua na ekipe zote mbili zimle pamoja. Wengine wa Kibua walikuja, wengine hawakuja. Mwenyeji wetu hakuja.

Sitaki kudanganya kwamba alifurahi. Siku zilizofuata alipita mlangoni petu bila kugeuka, akala peke yake, akaenda msituni mapema na kurudi amechelewa. Niliweka vitu vyetu karibu pamoja, bila kuvifunga. Kwenye chemchemi mke wake alijaza dumu langu kabla ya lake, akasema tu, "Umwache. Anaumwa na ile bao."

Jioni moja, tukiwa tunakula, alisimama mlangoni kwetu na kigoda mkononi. Akakiweka chini, akakaa, akanawa mikono bila kualikwa. Alichukua tonge la fufu, ugali wetu wa mihogo, akalichovya kwenye sombe, mboga ya majani ya mihogo, akatafuna mpaka akameza.

"Ile haikuwa bao," alimwambia kaka. "Ilikuwa goti."

"Goti iko sehemu ya muguu, Papa."

"Beki yako hakuona mpira. Alikuwa amefunga macho."

"Alikuwa anaomba," kaka alisema.

Nikasema kwamba mimi nilikuwa karibu na niliona vizuri, alikuwa amefungua jicho moja. Mwenyeji wetu akanigeukia na kuniuliza mwanamke anajua nini habari ya mpira, na mimi, kwa mara ya kwanza tangu tufike Kibua, nilimjibu bila kupunguza sauti. Mke wake akaja kusikiliza, akaegemea mlango. Tulibishana mpaka fufu ikapoa.