Msafiri Haitwi Nyuma

Kaka yangu Thani alikuwa mpiga bunduki kwenye ndege ya mabomu, vita vya Mwingereza na Mjerumani. Kiti chake kilikuwa mkiani. Wenzake wakitazama waendako, yeye akitazama watokako. Na nani aliyemwanzishia mkosi huo wa kutazama nyuma? Mama! Siku anaondoka kwetu Unguja, keshavuka kizingiti, mama akamwita arudi achukue kofia yake. Msafiri haitwi nyuma, hata mtoto analijua hilo! Ndege ikaangukia baharini, wala hatukupata maiti ya kuzika. Tukakaa matanga bila kaburi.

Mwaka 2003, hapa Ibra, Omani, mjukuu wangu Yazan akawa anakwenda kuingia jeshi la anga. Keshatoka nje, nikaiona simu yake juu ya mto. Dalal, mama yake, akafungua kinywa amwite. Nikamziba kwa kiganja.

“Ukimwita, mimi si mama yako!”

Tukasikia gari likiwashwa. Kisha likazimwa.

Yazan akasimama mlangoni, anacheka. “Bibi, nimesahau simu.”