Leo Mlima Haujatoka Vizuri

Saa nne asubuhi, katika jumba la makumbusho katikati ya Toronto, Leokadia Mmasi anasimama mbele ya picha ndogo iliyopauka na kuanza kuisema. Ndiyo, kuisema. Pembeni yake, kitini, ameketi Bi Gulzar Jivraj, mama wa miaka sabini na minane ambaye macho yake yamezimika.

Hiyo ndiyo kazi ya Leokadia: kuwasimulia picha watu wasioona. Saa zenyewe ni chache, kwa hiyo siku nyingine huwahudumia wazee majumbani kule mtaa wa Weston anakoishi. Leo anasimulia kwa Kiswahili kwa mara ya kwanza, kwa majaribio, na Gulzar ameshasema wazi kwamba asiporidhika harudi tena.

"Nimechoka kuambiwa 'nzuri sana, mama'," analalamika. "Nzuri vipi? Mtu hakuambii!"

Picha ni ya mlima wa theluji wa Japani, ya enzi za mwanzo za kamera. Leokadia anaanzia chini.

"Hapo ulipo, miguu yako iko barabarani. Kushoto kuna misonobari mitatu, myeusi tii, imeziba upande mzima. Barabara inakata kulia, inakupeleka kwa mtu mwenye kofia pana, mdogo kama ukucha. Kasimamishwa pale ili ujue miti ni mirefu kiasi gani. Ukizidi kwenda mbali, weusi unapungua. Mashamba ni ya kijivu, halafu nyuma yake ni weupe."

"Na mlima?" Gulzar anadakia. "Umetoka?"

Wote wawili wamekulia Moshi, chini ya mlima, ambako swali hilo, kama umetoka mawinguni, huulizwa asubuhi hata kabla ya chai. Leokadia anajua jibu linalosubiriwa.

"Umetoka, mama. Umetoka wote!"

Gulzar ananyoosha kiganja. "Haya, nichoree."

Hapo ndipo Leokadia anapokwama. Kidole kinapanda mteremko wa kushoto, kinafika katikati ya kiganja, kinasita. Kamera za zamani zilitoa anga la buluu likiwa jeupe pe, na theluji nayo ni nyeupe. Kilele kimemezwa.

"Nimekudanganya, mama," anasema, uso umemshuka. "Haujatoka vizuri. Hata mimi nimeutafuta. Kuna mstari mwembamba tu, nao unakatika."

Gulzar anaangua kicheko mpaka mlinzi anageuka.

"Kumbe na nyie wenye macho mnautafuta! Mimi kabla sijapofuka niliona hivyo hivyo, kila kitu kinayeyukia kwenye weupe. Nikadhani ni mimi peke yangu. Basi chora huohuo unaokatika."

Leokadia anauchora polepole. Panapokatika, anainua kidole, na Gulzar anaitikia kwa kichwa kwamba amepaona.

Leokadia anatamani saa hii ya Kiswahili iwepo kila mwezi. Uamuzi si wake, lakini mlangoni, akivaa koti, Gulzar tayari anapanga yake.

"Mwezi ujao nakuja na mdogo wangu, Alnasir. Naye macho yanamwishia, anaogopa mno, hasemi. Mlete kwenye picha hii hii. Akikuuliza mlima, mwambie ukweli."