Difu Niliyoichomelea Kasulu

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu, mjini Kasulu, gari langu limepandishwa juu ya magogo na mimi nimesimama kando na kiburi changu. Usicheke nikikuita mwanangu. Nina miaka arobaini na kitu tu, lakini nimeendesha kutoka Tunduma hadi Kahama, na barabara humzeesha mtu kabla ya mvi. Umeniuliza ufunge difu gani kwenye hilo gari lako la turbo. Tangu nisome swali lako sijalala vizuri, na leo nitakuambia sababu.

Mimi nilikulia kwenye malori ya maharage, utingo kwanza, kisha dereva. Malori yale yalikuwa na kitufe cha difu loki. Ukizama kwenye tope jekundu la Nyakitonto unabonyeza, magurudumu ya nyuma yanafungwa yawe kitu kimoja, unatoka. Basi nilipopata gari dogo langu la kwanza, saluni yenye nguvu za kutisha, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, niliona aibu lilipokwama mbele ya watu: gurudumu moja linazunguka kama pia, lingine limelala. Nikasema na hili lifungwe, tena lisifunguke. Difu yake ichomelewe.

Fundi wa difu alikuwa Mzee Bihemo, Muha wa Kitanga, mtu wa maneno machache. Nilimsalimu kwa kupiga makofi kama tulivyolelewa, kisha heshima yangu ikaishia hapo. Aliposikia ninachotaka aliweka spana chini.

"Yewe kijana, lori lina kitufe. Ukishatoka topeni unaachia. Hii ukiichomelea, utaachia nini?"

"Mzee, mimi ni dereva, si mwanafunzi."

"Dereva, sawa. Kwenye kona gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Difu ndiyo inayoyapatanisha. Ukiyafunga pingu yatagombana, na ugomvi wao utaukuta kwenye lami yenye maji. Agiza difu ya kubana kiasi, isiyoyafunga kabisa, usubiri."

Kusubiri! Sikio la kufa halisikii dawa. Nikavuka barabara kwa kijana aliyekuwa akichomelea mageti.

"Achana na mshua, braza," akaniambia, akivaa miwani yake. "Chuma kama hii unataka itembee kama bajaji?"

Kabla ya adhuhuri gia za ndani ya difu zilikuwa donge moja.

Kesho yake mdogo wangu Eliza aliomba nimpeleke Kibondo kwa mumewe, yeye na mtoto wake wa miezi mitano. Wakati ule lami ilikuwa vipande vipande. Kwenye tope gari lilipanda kama mbuzi. "Kaka, limekuwa lori!" Eliza akacheka, na kichwa changu kikavimba. Kweli, kwenye lami, kila kona kali tairi zililia na gari likataka kwenda mbele badala ya kukata. Nikayaona madogo hayo.

Karibu na Kitahana mvua ikashuka. Kulikuwa na mteremko na kona ya kulia, na ukingo wa kushoto watu walikuwa wanarudi kutoka gulioni. Nikageuza usukani. Gari halikukata. Likaenda mbele, kuwaelekea wale watu. Nikaongeza mafuta kidogo ili nililazimishe, na magurudumu yote mawili ya nyuma yakateleza kwa pamoja, kwa sababu nilikuwa nimeyafunga pamoja. Mkia ukazunguka. Kioo cha pembeni kikanionyesha mwanamume akitupa baiskeli yake yenye mkungu wa ndizi na kujirusha mtaroni. Tuliposimama, pua ya gari ilikuwa inatazama tulikotoka, nyuma inaning'inia juu ya mtaro.

Mtoto hakulia. Mwanangu, sijui nikueleze vipi kimya kile. Eliza alikuwa anamtikisa, anamwita, na mimi mikono ilikuwa imegandia usukani. Kisha mtoto akapiga ukelele, na mikono yangu ikaachia usukani.

Mwenye baiskeli akapanda kutoka mtaroni, tope hadi kwenye nyusi. Nilingoja matusi. Akachungulia dirishani, akauliza, "Mtoto mzima?"

Wale watu wa gulioni walitusukuma tukarudi barabarani. Eliza alikuwa amekwishashuka, amemfunga mtoto mgongoni, ameanza kutembea mvuani.

"Panda, nitaendesha polepole."

"Wewe utaendesha polepole, kaka. Hilo gari je?"

Nikamfuata nyuma kwa mwendo wa miguu. Kila kona, gari liliposhtuka na kujivuta, aligeuka, akaingia majanini na mtoto, akasubiri nimalize kona. Ndugu yangu wa tumbo moja. Mpaka leo, mvua ikipiga bati, namwona akiingia majanini.

Sasa sikia jibu lako. Difu loki ni ya tope, ya shamba na ya lori, na iwe ile inayofunguka. Kuchomelea, usithubutu kwenye gari la kubeba watu. Wewe unayetembea barabarani na nguvu zote hizo, chukua difu ya kubana kiasi: ya gia, inayoshika taratibu, au ya klachi iliyolegezwa, nayo uipe mafuta yake inayoyataka, si yoyote ya dukani. Anza na tairi nzuri. Na hata hiyo difu bora, ukiikanyagia kwenye maji itakuzungusha, kwa hiyo endelea kuogopa. Woga si aibu; mbio za sakafuni huishia ukingoni. Na fundi mzee akiweka spana chini ili aseme nawe, zima injini umsikilize.

Mungu akulinde kwenye kila kona, akupe subira kuliko nguvu, na wote watakaopanda gari lako wasinzie njiani bila hofu.